Sebule Safi ya Geesje

Geesje Hoving alikuwa msafi kupita kiasi, na usafi wake ndio uliomfukuza nyumbani kwake. Nilikuwa jirani yake wa ng'ambo ya mfereji tangu alipoletwa pale bibi harusi, na mpaka leo nikimkumbuka hasira hunipanda.

Kwetu Groningen, kaskazini mwa Uholanzi, mapazia hayafungwi. Anayepita njiani anaiona sebule yako mpaka ukuta wa nyuma, na asipopata la kusema, umefaulu maisha. Geesje alitushinda sote. Kila Jumamosi alipiga magoti mlangoni akasugua kizingiti kwa brashi na sabuni, mvua inyeshe isinyeshe. Sakafu ya sebuleni ilikuwa ya mbao, aliipigilia marehemu mumewe Berend kwa mikono yake, na Geesje aliapa kwamba hatatoka juu ya mbao zile ila amebebwa. Mwanawe Roelof alikuwa na mpango mwingine. Alishamtafutia chumba katika nyumba ya wazee mjini, akawa anangoja kisingizio tu.

Kisingizio kililetwa na maji. Bomba la jikoni lilikuwa likivuja kimyakimya nyuma ya ukuta, na asubuhi moja ya Novemba Geesje alikanyaga zulia la sebuleni, soksi zikalowa. Karatasi ya ukutani ilikuwa imevimba. Alipoivuta pembeni akaona kuvu nyeusi imetambaa mpaka dirishani.

Watu wa bima walimwambia kwenye simu la kufanya: funga koki kuu, zima umeme wa upande ule, fungua madirisha, piga picha, usifute kitu, usitupe kitu, umngoje mkaguzi siku ya Alhamisi. Koki aliifunga, umeme aliuzima, madirisha aliyafungua. Yaliyobaki yalimshinda, kwa sababu Alhamisi mgeni angeingia sebuleni. Nilivuka daraja nikamkuta tayari amefunga kilemba cha kazi.

"Trijn, kweli unataka mwanamume nisiyemjua aje aone haya?"

"Ndicho anachokuja kuona, we mwanamke!"

"Akirudi kwao aseme nini? Geesje anaishi kama nguruwe?"

"Aseme kuna maji! Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo kikija kitakuta pasafi."

"Basi piga picha. Moja tu, Geesje."

"Nipige picha uchafu wangu? Wewe chupi zako unazipiga picha?"

Nilicheka, na kucheka kwangu kukamaliza mabishano. Ndivyo alivyokuwa, anakutukana huku anakuchekesha. Kabla ya Alhamisi bomba lilikuwa limezibwa, zulia limekwenda jalalani kwenye gari la mkulima wa jirani, karatasi yote imebanduliwa, kuvu imesuguliwa kwa magadi na siki, na ukuta umepakwa rangi nyeupe. Mbao za Berend alizing'arisha kwa nta. Chini ya mbao hakuangalia, maana chini ya mbao hakuna mgeni anayetazama.

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, mpole, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Geesje alimpa kahawa na biskuti moja, akafunga kopo, kama ilivyo desturi ya kwetu. Mimi pia nilikuwepo, nimekaribishwa.

"Sasa mama, maji yalikuwa wapi?"

"Hapo. Nimeshasafisha."

"Zulia je?"

"Nimelitupa. Lilikuwa linanuka."

"Una picha?"

"Za nini?"

Nilishindwa kuvumilia. "Bwana, ng'oa ubao mmoja! Huko chini kumelowa!"

Geesje alinitazama kama niliyemfunua gauni mbele ya watu. "Msamehe jirani yangu, bwana," alisema. "Kwangu hakujalowa kitu."

Mkaguzi alipapasa ukuta, akaona mkono wake umetoka mkavu. "Laiti nyumba zote ninazoingia zingekuwa hivi," alisema, akamaliza kahawa. Geesje akaona haya usoni kama msichana. Tangu Berend afe sikuwahi kumwona na furaha kama ile.

Jibu la bima lilikuwa fupi: madhara hayakuonekana, hakuna cha kulipwa. Geesje hakulalamika. Alitandika zulia jipya, akaendelea na Jumamosi zake, na maji yaliyobaki chini yakaendelea na kazi yao.

Majira ya kuchipua ikafika siku yake ya kuzaliwa. Tulikaa sebuleni kwenye viti vilivyopangwa duara, tukipeana mikono na kupongezana kila mtu na mwenzake kama tufanyavyo kwetu, sahani za keki mapajani. Ghafla kiti cha Roelof kikazama mguu mmoja. Akainua zulia, akang'oa ubao, akaingiza mkono. Boriti ilimomonyoka kiganjani mwake.

"Mama, umekaa juu ya hii miezi yote?"

"Juu palikuwa pasafi," alijibu Geesje.

"Bima imeshakataa. Utahamia mjini."

Hakubisha. Laiti angebisha! Mwanamke aliyenishinda kwa maneno maisha yake yote alikusanya sahani za wageni akaenda kuziosha. Nyumba ikauzwa, na aliyenunua alitaka kiwanja tu.

Siku ya kuhama nilisikia honi ya gari la Roelof ikilia na kulia. Nikatoka. Mizigo ilikuwa imeshapakiwa, na Geesje amepiga magoti mlangoni, koti la safari mwilini, brashi mkononi, anasugua kizingiti.

"Geesje, kesho wanaivunja."

"Najua," alisema bila kuinua kichwa. "Si ndiyo maana watu watakuja?"

Nilitaka kumpokonya ile brashi niitupe mferejini. Badala yake nilichukua ndoo yake nikaenda kuijaza kwangu, kwa sababu kwake maji yalikuwa yameshakatwa.