Achari Katika Sufuria Inayong'aa

Wenye maduka ya vyombo mjini Amu wakimwona Bi Esha anaingia, huanza kushusha pumzi. Ataulizia bei ya sufuria, ataipindua juu chini kama mtu anayekagua kuku wa kununua, kisha atatia mkono mkobani na kutoa kipande cha sumaku alichokibandua kwenye spika ya redio ya marehemu mumewe. Sumaku ikinata, chombo hurudi rafuni na sauti yake husikika hadi barabarani: "Bati hili!" Isiponata, hutabasamu na kuanza kuomba apunguziwe. Ndiyo maana mtaa mzima wa Langoni humwita Esha Sumaku, na jina hilo analipenda kuliko bangili zake.

Kazi yake ni achari. Hutengeneza ya ndimu na ya embe changa, na wapishi wa nyumba za wageni kule Shela humgombania kama vile ndiye peke yake aliyezaliwa na mikono. Ufundi huo aliupata kwa mamake, Bi Ruqaiya, ambaye sasa ni mkongwe na hashuki tena kutoka chumba cha juu. Tangu mvua zilipokatika, bibi huyo alikuwa amepoteza hamu ya kula. Daktari alimpima akasema hana maradhi, ni uzee tu, apewe anachokitaka. Na alichokitaka kilikuwa kimoja: wali mweupe na achari ya ndimu ya mwanawe. Bila achari, sahani ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Mchana Esha alitaniana na kila mpita njia, lakini kila alipomnyanyua mamake kumbadilisha nguo na kuhisi alivyokuwa mwepesi, alimshikilia kidogo zaidi kabla ya kumlaza.

Miaka yote achari ya nyumba ile ilikaa katika kasiki la udongo. Kasiki lilipopasuka, Esha alisema basi, dunia imekwenda mbele na yeye atakwenda nayo. Alinunua sufuria kubwa ya stenlesi yenye kifuniko, iliyong'aa hata akajiona meno. Sumaku haikuishika hata kidogo. Akaijaza ndimu, chumvi na pilipili, akaipandisha darini ipigwe jua, na kila jirani aliyepita akaitwa aje kuitazama.

Achari ilipoiva alimpelekea mamake kwanza, kama desturi. Bi Ruqaiya alitia ndimu mdomoni, akakunja uso, akaitema kiganjani.

"Esha, hini si achari. Yeo wanilisha misumari?"

Akasukuma sahani akageukia ukutani. Kesho yake alikunywa chai tu, na siku iliyofuata vivyo hivyo. Esha alimlaumu muuza ndimu, akailaumu chumvi, akamlaumu na jirani mmoja mwenye jicho la kusifu sana. Sufuria hakuilaumu. Ingewezaje kukosea, nayo imepita mtihani?

Chumba cha chini cha nyumba hiyo amepanga Hesbon, kijana wa Kisumu, fundi wa mitambo katika kiwanda cha barafu. Jioni hiyo alimkuta Bi Esha barazani anaisugua sufuria kwa hasira, akamuuliza kulikoni. Esha akamweleza yote, kisha akaibandika sumaku ubavuni mwa sufuria na kuiachia. Ikaanguka.

"Waona? Haishiki! Ni stenlesi ya haki."

Hesbon alipitisha kidole ndani. Chuma kilikuwa kimeliwa vitundu vidogo vidogo, na pembeni mwa kila kitundu palikuwa na alama ya hudhurungi.

"Mama, ni stenlesi, hujadanganywa," alisema. "Lakini stenlesi ni ukoo mkubwa. Zote zina madini ya kromi, ndiyo yanayoweka utando mwembamba juu ya chuma usioonekana, kutu isiingie. Chumvi inatoboa huo utando. Ile tunaita namba mia tatu na nne ina nikeli ya kutosha, ni nzuri kwa kupikia na kuwekea maziwa. Mia tatu kumi na sita imeongezwa molibdeni, madini yanayoihimili chumvi, ndiyo tunafungia mabomba yanayopitisha maji ya bahari pale kazini. Hii yako naona ni mia mbili na moja. Wamepunguza nikeli wakatia manganizi, iwe rahisi, lakini chumvi inaila upesi."

"Na sumaku?"

"Sumaku haishiki yoyote kati ya hizo tatu. Inazishika zile zisizo na nikeli, kama za masinki mengine, na hata visu vizuri. Kisu kisiposhika sumaku, mara nyingi hakikai na makali."

Bi Esha aliiokota sumaku. Kisu chake bora alikuwa amempa wifi yake mwaka jana, kwa dharau, kwa sababu kilinata.

"Haya, nitanunua hiyo ya bahari," alisema.

Hesbon alicheka. "Hata hiyo mimi singeiamini. Chumvi na ndimu, wiki kwa wiki, kwenye jua? Hata bomba langu halijapewa adhabu hiyo. Weka kwenye kioo, Mama."

Asubuhi Bi Esha alipanda mashua kwenda Shela, akawaomba wapishi wake chupa kubwa za kioo walizokuwa wakizitupa. Akaanza upya, ndimu moja baada ya nyingine. Wiki hizo zote alimnywesha mamake uji kwa kijiko kwa kumbembeleza, na kila siku alipanda darini kuitazama chupa, akiiomba ifanye haraka, akimwomba Mola zaidi.

Siku achari ilipoiva alipeleka wali kidogo tu, vijiko vitatu vinne, kwa kuogopa kuona sahani nyingine inarudi imejaa. Akakaa ukingoni mwa kitanda. Bi Ruqaiya alinusa. Akamega ndimu, akaichanganya na wali kwa vidole, akatia mdomoni, akatafuna taratibu macho kayafumba. Akamega tena, na tena. Alipofika chini ya sahani aliifuta kwa kidole, akamtazama bintiye kwa ukali ambao Esha hakuwa ameuona tangu mvua zilipokatika.

"Wali ni huu tu? Mwataka nife na ndaa?"

Esha alishuka ngazi akicheka na machozi yakimtoka, akaenda kuupakua wali wote uliokuwa jikoni.