Wakwe wanataka nichane bâche ya piscine yangu

Admin, mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na saba, mjane, naishi Ruashi, hapa Lubumbashi. Jina langu liache. Hata bila jina, watu wa avenue yetu watanitambua, na wameshanisema vya kutosha.

Nilikuwa dereva wa mashine mgodini mpaka siku jiwe liliponivunja nyonga. Daktari akaniambia nitembee ndani ya maji kila siku, la sivyo mguu huu utanikatalia kabisa. Ndiyo sababu nilijenga piscine, bwawa dogo la kuogelea, nyuma ya nyumba, mita sita kwa tatu. Sikuijenga kwa kuringa. Lakini baridi ya mwezi wa sita mnaijua wenyewe. Wiki ya kwanza nilitoka majini natetemeka, mguu umekaza kuliko nilivyoingia nao.

Nikasikia kuna bâche solaire, plastiki yenye malengelenge ya hewa inayoelea juu ya maji, inakusanya joto la jua mchana na kuzuia lisipotee. Nilikwenda mjini kuichagua pamoja na dada yangu mdogo, maana tangu mke wangu afariki yeye ndiye aliyekuwa akinisaidia kununua vitu vya nyumbani. Muuzaji alituonyesha mbili. Ile inayopitisha mwanga inapasha maji haraka, alisema, na ile nzito ya buluu ya giza inapasha polepole lakini maji hayageuki kijani upesi. Mimi nilikuwa nimeshaishika ile ya kwanza. Dada, ambaye huniita Yaya, yaani kaka, akanivuta mkono.

"Yaya, kamata ile ya bleu foncé. Ku ile ingine, vumbi ya mine itaonekana kila siku."

Nikamsikiliza. Naomba mkumbuke kwamba ni yeye aliyechagua.

Bâche ilifanya kazi vizuri. Kila asubuhi binti yangu wa kwanza, ana miaka ishirini na sita, alishika pembe moja na mimi nyingine, tunaikunja, mvuke unapanda mpaka juu ya ukuta. Alikuwa ananitania kwamba maji ya bukari, ugali wetu, yamechemka, kilichobaki ni unga. Baada ya miezi miwili niliweka mkongojo pembeni, nikaenda misa kwa miguu yangu mwenyewe.

Basi dada akaja na ombi. Kanisa lake la maombi lilitaka kubatiza watu kwangu, kwa kuwa mtoni kuna baridi na kwangu maji ni ya moto. Nilikataa. Sitajitetea, nilikataa vibaya: nilimwambia mchungaji wake mlangoni kwamba mimi ni Mkatoliki na uwanja wangu si mto. Dada aliondoka bila kuaga.

Baada ya hapo nikaanza kuona majirani wakinyamaza nikipita. Habari ikanifikia kwamba nafuga nyoka wa kutapika pesa, ndiyo maana maji yangu yamefunikwa mchana kutwa na asubuhi yanatoa moshi. Nilicheka, nikidhani ni wivu wa mtaani. Kumbe maneno yanatoka kwa mtoto wa mama yangu. Alikuwa anauliza kila nyumba: "Kama maji yake haina kintu, juu ya nini anakatala batiso?"

Wiki iliyopita familia ya mchumba wa binti yangu ilikuja kupanga siku ya mahari. Kwa desturi yetu shangazi ndiye husimama na msichana, tena wangu hana mama. Dada hakutokea. Alikuwa ameshawapitia wale watu kwao kabla hawajafika kwangu. Baba mkubwa wa kijana hakugusa hata kinywaji.

"Baba, mutoto hatumukatale," alisema. "Ni ile maji yako njo tunaogopa."

Wanataka Jumamosi hii mchungaji wa dada yangu aje, bâche ichanwe mbele ya familia zote mbili, maji yamwagwe, piscine ijazwe udongo. Nikikataa, hakuna ndoa. Binti yangu amemngoja huyo kijana miaka minne.

Nina hasira sana. Nikikubali, nimekiri mbele ya Ruashi nzima kwamba mimi ni mchawi, kisha narudi kwenye mkongojo. Nikikataa, mwanangu atanihesabia hilo maisha yake yote.

Ningekataa, kweli. Nilishaamua. Lakini leo asubuhi nilishika pembe yangu nikamngojea binti yangu aje ashike yake. Alisimama mbali, karibu na mlango wa jikoni, mikono ameificha ndani ya kitenge.

"Papa, uniambie kweli," akasema. "Mule chini hamuna kintu?"

Nimeirudisha bâche juu ya maji na sijaingia tangu asubuhi. Nyinyi wenye watoto, niambieni, Jumamosi niwafungulie mlango hawa watu au niufunge?