Kiti cha Kinyumenyume

Enzi zetu, gari lilikuwa gari. Nyie wenzangu mliokulia Maskati mnayajua yale ya Kimarekani, pua imeshafika sokoni na mkia bado uko nyumbani. La Baba lilikuwa la kubebea ukoo mzima, ubavuni lina mbao za uongo, injini silinda nane, na petroli likinywa bila ya haya. Kulitoa kwenye kichochoro chetu kulitaka Bismillahi na jirani mmoja wa kusimama nyuma akapiga kelele, "Rudi! Rudi! Basi, yakhe, ukuta!" Siku hizi vijana wana magari yanayojiegesha wenyewe, na bado yamekwaruzwa kila pembe.

Raha ya gari lile ilikuwa kiti cha nyuma kabisa, kilichotazama kulekule tulikotoka. Tulikiita kinyumenyume, na wenyewe tulikuwa mimi na kaka yangu Seif, pamoja na binamu yeyote aliyewahi. Ijumaa baada ya sala safari ya Yiti, ufukweni: Baba kwenye usukani, Mama pembeni yake na kikapu cha kababu na mkate wa ufuta, mashangazi katikati wanasengenya, na sisi nyuma na sufuria la wali wa nazi tuliloamrishwa tulikumbatie lisimwagike. Tukipita Sidab, kwa wavuvi, Baba akiona samaki lazima anunue. Na samaki akae wapi? Kinyumenyume. Basi utoto wangu wote nimeuona ukibaki nyuma ya kioo, nimekumbatia sufuria, na jodari ananikodolea macho.

Wala hatukukaa bure. Gari lolote lililotufuata lilipata haki yake: ndimi nje, macho makengeza, pua tumezibandika kwenye kioo mpaka zimekuwa chapati. Seif alijua kugeuza kope zake ndani nje, na dereva mmoja wa lori alipomuona alianza kusoma dua, midomo inamtetemeka. Watu walikuja mpaka nyumbani kutushtaki. Mama akiwakaribisha, akiwatilia kahawa, akiwasikiliza mpaka mwisho, kisha akiweka mkono kifuani: "Wanangu mimi? Aa, umefananisha. Wanangu wana adabu zao." Na wallahi aliamini. Yeye siku zote alikaa mbele, angejua wapi?

Halafu ile harufu! Kila Alkhamisi jioni Mama alilifukiza gari kama anavyofukiza nguo za Baba: vioo juu, chetezo chini, makaa na udi. Siku moja jirani mpya, maskini hajazijua desturi zetu, akaona moshi umejaa ndani na hakuna anayepiga kelele. Akafungua mlango akamwaga ndoo nzima ya maji. Kaa likaruka likatoboa kiti, redio ikafa palepale, na Baba akacheka mpaka akakaa chini. Wakawa marafiki kuanzia siku ile, na ile redio haijatengenezwa mpaka leo.

Baba alipofariki, gari likabaki uani. Mwaka huu Mama kakubali kuhamia kwangu, kwenye fleti Al Khuwair, na nyumba ya zamani inabidi ikabidhiwe mwenye nyumba. "Liuzeni," katwambia, "chuma tu hicho." Chuma gani hicho kinachofutwa vumbi kila asubuhi na kufukizwa udi kila Alkhamisi? Mimi nilikuwa nna uchungu usio na mfano. Niliona likitoka lile, Baba naye anatoka mara ya pili.

Seif akatia picha mtandaoni, akaja mnunuzi: kijana mpenda magari ya zamani, kanzu imenyooka pasi, tochi mkononi. Mama akamkalisha kwanza kwa halwa na kahawa, maana kwetu biashara haianzi na tumbo tupu. Kisha kijana akaingia kukagua. Redio, kasema, itatolewa. Kiti chenye tundu la kaa, kitabadilishwa. Akavuta pumzi, akakunja pua: "Na hii harufu, bibi, kuna dawa yake. Si orijino."

"Hata meno yangu si orijino, baba," Mama akamjibu, "mbona halwa naila?"

Ikawa lazima tulijaribu barabarani. Kijana akashika usukani, Seif akakaa kando yake. Mama badala ya kumtoa Seif kwenye kiti chake yeye cha siku zote, akazunguka nyuma. "Leo nataka kukaa walikokaa wanangu." Ebo! Seif akashuka tena, yeye anavuta, mimi nasukuma, buibui limekwama kwenye bawaba, na Mama anatugombeza kuwa tunambeba kama gunia la mchele. Hatimaye tukakaa, mimi na yeye, bega kwa bega.

Gari likaondoka. Mama akatazama mlango wetu ukirudi nyuma, kisha duka la kona, kisha msikiti. "Kumbe nyie mlikuwa mnaviona hivi," kasema polepole. "Mimi nimeona mbele tu." Machozi yakanitoka nikageuka pembeni asinione. Niliporudisha uso, Mama alikuwa amebandika pua kwenye kioo, ulimi wote nje, na nyuma yetu bwana mmoja kwenye gari jeupe amekanyaga breki anashangaa. Mama akacheka mpaka mtandio ukamvuka. Sijamsikia akicheka vile tangu Baba aondoke.

Tulipofika nyumbani akamuuliza kijana, "Watoto wako watakaa pale nyuma?"

"Hapana, bibi! Hili litawekwa ndani, lifunikwe. Ni la maonesho, halikaliwi."

Mama akamfungia halwa ya kwenda nayo, akamuombea dua ya safari. "Nenda salama, mwanangu. Haliuzwi."

Sasa liko Al Khuwair, linakalia nafasi mbili za kuegesha, na majirani wa jengo hawanisalimii. Wanangu mwanzoni walinuna kuwa halina pa kuchaji simu. Watoto wa leo unawapeleka mpaka Yiti na kurudi, ukiwauliza wameona nini, wanakutajia asilimia ya betri. Zile Ijumaa zetu hazirudi, na mwenye usukani wake harudi. Sasa nnashika mimi, palepale aliposhika yeye. Lakini nikitazama kioo cha juu namuona bibi yao kinyumenyume, amekumbatia sufuria, na wajukuu wanagombania kukaa naye, simu zimesahauliwa.

Jumapili iliyopita, ambayo huku kwetu ndiyo siku ya kwanza ya kazi, ndiyo kwanza nafika ofisini, mkuu wangu akanisimamisha mlangoni. Alikuwa na haya kidogo. "Samahani, dada, Ijumaa nilikuwa nyuma ya gari lako. Kuna bibi mmoja mtu mzima... kanitolea ulimi."

Nikaweka mkono kifuani. "Mama'angu mimi? Aa, bwana, umefananisha. Mama'angu ana adabu zake."