Kamba ya Dirisha la Dorothy

Dorothy alikulia mgongoni mwangu. Mama alikuwa akienda kupalilia mashamba ya watu, na wa kubaki na mtoto nikawa mimi. Watoto wa rika langu pale Musanda walipita njiani kwenda shule, nami nimesimama uani nikimbembeleza mdogo wangu. Alipofikia umri wa kusoma, baba alisema mmoja akisoma anatosha, atawainua wenzake. Huyo mmoja alikuwa Dorothy. Sikumwonea wivu. Nilimfulia sare mpaka akamaliza.

Wakati huo sukari ilikuwa imeingia. Watu waling'oa mihogo na migomba wakapanda miwa mpaka mlangoni, na kijana mwenye kazi kiwandani ndiye mkwe ambaye kila mama alimwombea binti yake. Dorothy alimpata Makhanu, msimamizi wa mitambo, akahamia kwenye nyumba za wakubwa wa kiwanda. Mimi ndoa yangu ilikuwa imevunjika kwa kukosa mtoto. Alipomzaa Protus, alikuja mwenyewe kunichukua.

"Dada, ulinilea mimi," aliniambia. "Nani mwingine nitampa mtoto wangu?"

Nililia kwa furaha.

Madirisha ya nyumba ile hayakuwa na mapazia ya kitambaa. Yalikuwa na vibati virefu vyembamba vilivyopangwa kama ngazi. Ukivuta kamba vinapanda, ukilegeza vinashuka. Tulivihitaji kwa ajili ya masizi, maana miwa ikichomwa kabla ya kukatwa, majivu meusi huruka mpaka kwenye maziwa ya mtoto. Moto ukiwaka tulivishusha, ukizimika tukavipandisha. Na vikiwa juu, kamba yote iliyovutwa hubaki ikining'inia karibu na sakafu, nayo chini iliungana kama kitanzi.

Siku moja Protus, aliyekuwa ameanza tu kutembea, aliipitisha shingoni akatucheka. Sisi hatukucheka. Dorothy alipigilia msumari juu kabisa, mimi nikaizungusha kamba pale nikaifunga. Tukaondoa kila kiti karibu na dirisha.

"Tusikilizane, dada," alisema. "Kamba hii ni mimi na wewe tu. Atakayeifungua, asiondoke hapa kabla hajaifunga."

Halafu mama mkwe wake, Zipporah, akatuma habari kwamba anakuja kumwona mjukuu. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi. Alishasema mbele za watu kwamba mwanawe ameoa vitabu. Asubuhi hiyo wakachoma shamba lililo nyuma ya nyumba zetu. Tulishusha vibati vyote, na moto ulipotulia nikaingia jikoni kumnyonyoa kuku, maana mkwe haji akapewa mboga. Protus alikuwa amelala. Dorothy alikuwa sebuleni akipangapanga.

"Mbona giza hivi? Atasema naishi kama popo," nilimsikia akisema.

"Ukipandisha, funga kamba," nikamwambia kutoka jikoni.

"Dada nawe! Kila siku unaniambianga hiyo. Nimesikia."

Nikasikia vibati vikipanda. Akasogeza kigoda chini ya dirisha ili mgeni akae penye upepo. Mara hodi ikapigwa, akakimbia nje. Yeye na Makhanu wakampokea Zipporah, wakaanza kumwonyesha bustani. Kelele za salamu nadhani ndizo zilizomwamsha mtoto.

Nilisikia kigoda kikianguka. Nikangoja kilio, maana mtoto akianguka hulia. Sikusikia kitu, na ukimya huo ndio ulionikimbiza. Protus alikuwa kwenye kamba, ncha za vidole vya miguu ndizo tu zilizogusa sakafu, uso umebadilika rangi. Nilimwinua, kamba ikalegea, nikaitoa shingoni. Akakohoa, akavuta pumzi, akalia. Walipoingia nilikuwa nimemkumbatia, manyoya ya kuku yamemganda shavuni, kamba bado iko mkononi mwangu.

Zipporah alimpokonya mtoto, akauona mstari mwekundu shingoni.

"Nani aliacha kamba hii?"

Nilimtazama Dorothy. Yeye aliitazama mikono yangu.

"Ni Awinja," akasema. "Nimemwambia mara ngapi, mama, hasikii."

"Shemeji, ni kweli?" Makhanu aliniuliza.

Kwetu humvui ndugu yako nguo mbele ya wakwe. Ng'ombe wa mahari ya Dorothy walikuwa zizini kwa baba, na Zipporah alikuwa akitafuta neno moja tu la kumrudisha kwao. Nikawaza, nimbebe leo tena, huyu mama akiondoka Dorothy atamwambia mumewe ukweli. Nikainamisha kichwa.

"Mnaona? Hana jibu," Zipporah alisema. "Alinyimwa wake, sasa anamaliza wa wenzake."

Dorothy aliyasikia maneno hayo. Alikuwa akimbandua mtoto manyoya shavuni, na hakuinua macho.

Walikula kuku wangu. Jioni Dorothy alinifungia nguo zangu yeye mwenyewe. "Nivumilie, dada, nitanyoosha mambo," alininong'oneza. Protus alininyooshea mikono mpaka nikapita lango.

Nilimngoja anyooshe. Alikuja Musanda mimba ya pili ilipokuwa imekua, amebeba sukari na mkate.

"Dada, rudi unisaidie. Wasichana ninaowapata hawajui mtoto."

"Umemwambia Makhanu nani alifungua kamba?"

"Hayo yamepita."

"Kwako."

"Unataka nyumba yangu ivunjike?"

"Yangu ilivunjika. Umeona nimekufa?"

Nilikataa kurudi. Lakini mtoto wa tumboni hakuwa amenikosea kitu. Nikamwambia akikate kile kitanzi cha chini ili kamba zibaki ncha zilizoachana, apigilie msumari juu ya kila dirisha na kufunga kila kamba, na kitanda cha mtoto akiweke ukuta mwingine.

"Na vigoda," nikasema.

"Vigoda nakumbuka," akajibu, machozi yakimtoka. Sikumpangusa.

Baadaye nilikutana sokoni Butere na mwanamke aitwaye Dinah, anayefua nguo katika nyumba zile. Hakunijua. Tulipokuwa tukichagua viazi alinisimulia kwamba siku hizi wake wa wakubwa wote wanapigilia misumari juu ya madirisha, wamejifunza kwa Mama Protus.

"Yeye alijuaje?" nikamuuliza.

"Walikuwa na yaya hapo zamani, mzembe kweli. Nusura amuulie mtoto."

"Alisema yaya?"

"Yaya, ndiyo. Wa kuokotwa tu huko mashambani. Hata jina halitaji."

Nilirudisha kiazi nilichokuwa nimeshika, nikachukua kingine. Nikamuuliza yule mtoto mdogo analala upande gani wa chumba.

"Mbali na dirisha," alisema Dinah. "Kwa nini?"

Nikamwambia nauliza tu.