Sanduku la Barua la Baba

Baba alipotoka hospitali hakuwa na sauti tena. Madaktari walikuwa wamemtoa uvimbe kooni, na kile kiungo kinachotengeneza sauti kikaenda nao. Wakamwachia tundu dogo shingoni la kupumulia. Tulikuwa tumeambiwa mapema, na yeye mwenyewe alikubali, lakini kuambiwa si kuona.

Maisha yake yote ya kazi alikuwa karani wa polisi. Tulizaliwa na kukulia kambini, ambako polisi wa makabila yote waliongea Kiswahili, ndiyo maana nyumbani kwetu Paya, kijijini karibu na Tororo, tulizungumza Kiswahili wakati majirani wote wanazungumza Kidhopadhola. Alipostaafu, kanisa likampa kazi ya kusoma masomo ya Jumapili. Sauti yake ilifika mpaka kwa waliosimama nje.

Sasa wageni walikuja kumwona, wakampigia kelele kana kwamba ni kiziwi. Wengine hawakumsemesha kabisa. Waligeuka kwa Mama, yeye akiwa amekaa pale pale, wakauliza, "Mzee anaendeleaje? Chakula kinapita?" Mama naye akajibu. Siku moja Baba aliinuka katikati ya mazungumzo hayo, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mgeni akasema mzee amechoka. Hakuwa amechoka.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa mlinzi Uarabuni. Kabla ya ugonjwa alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na Baba alizunguka uani na simu sikioni akimhoji kama shahidi. Baada ya operesheni walijaribu kuendelea. Baba aligonga simu kwa ukucha: mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Lakini maswali ya ndiyo na hapana huisha upesi.

"Dada," mdogo wangu aliniambia, "nikisikia ile kugonga-gonga, siku nzima kazi inanishinda." Simu zake zikapungua.

Nilimletea Baba simu ya kuandikia ujumbe. Dawa zilikuwa zimemtia ganzi kwenye ncha za vidole, na herufi za kwenye kioo zilimponyoka. Alijaribu kidogo, akanirudishia. Alipokuwa ananirudishia ndipo nilipokumbuka taipu ya ofisini kwake, jinsi alivyokuwa akiichapa huku anamtazama mtu usoni.

Mimi nafanya kazi Busia, upande wa Uganda, katika ofisi ndogo ya kutolea mizigo forodhani. Barua pepe zetu zinakaa kwenye seva ya fundi mmoja wa upande wa Kenya. Nilimwomba amfungulie Baba sanduku lake. Nikachukua laptopu ya zamani iliyokuwa kabatini, nikaweka programu ya barua pepe, nikaenda Paya. Nilitaka programu, si ukurasa wa mtandao, kwa sababu kule kwetu mtandao unakuja na kuondoka. Ndani ya programu mtu anaandika polepole, maneno yanakaa kwenye mashine, na mtandao ukirudi yanakwenda.

Tulikaa mezani alasiri, Baba kando yangu. Nikaunganisha laptopu na intaneti ya simu yangu, nikaandika anwani, nenosiri, jina la seva ya kupokea na jina la seva ya kutuma. Programu ikazunguka, kisha ikakataa. Ilisema haiwezi kuithibitisha seva. Nikarudia. Baba akaweka kidole kwenye kioo: mahali pa nukta nilikuwa nimeweka mkato. Nikasahihisha. Ikakataa tena.

Nikampigia fundi.

"Madam, hebu angalia hiyo mashine inasema leo ni tarehe ngapi," akasema.

Nikaangalia. Betri yake ya ndani ilikuwa imekufa, na tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi.

"Basi ndiyo hiyo. Seva ina cheti chake cha usalama. Kwa hesabu ya mashine yako, hicho cheti bado hakijazaliwa. Weka tarehe ya leo."

Nikaweka, na barua ya kwanza ikaingia. Fundi mwenyewe ndiye aliyeituma: "Karibu, mzee." Baba akaitikia kwa kichwa taratibu. Lakini tulipojaribu kujibu, ikagoma. Ilibidi niweke alama kwamba hata seva ya kutuma inataka nenosiri. Nikajaribu tena, jibu likaondoka.

Baba alivuta laptopu kwake. Akaonyesha nenosiri nililoliandika kwenye karatasi, akaninyooshea kidole mimi, halafu akaonyesha mlango. Nikaelewa. Nilimfundisha jinsi ya kulibadilisha, kwanza kwenye seva, kisha kwenye programu, nikaiacha simu yangu mezani ili mtandao usikatike, nikatoka nje.

Mama alikuwa anachambua karanga.

"Anafanya nini?"

"Anaandika."

"Kwa nani?"

"Sijui, Mama."

Tulikaa tukisikiliza herufi zikigongwa, haraka, kwa vidole vyote. Mama aliacha kuchambua. Tangu hospitali hatukuwa tumesikia kitu chochote kutoka kwa Baba kilichokuwa na mwendo ule.

Siku iliyofuata mdogo wangu alinipigia.

"Dada, Baba ameandika. Ameanza kwa kunigombeza. Ni yeye kabisa."

Tangu hapo waliandikiana, kwa intaneti ya ile simu aliyonirudishia, ambayo nilimwachia Mama. Nami Baba aliniandikia, mistari mifupi iliyonikuta ofisini katikati ya makaratasi ya mizigo. Mmoja ninaukumbuka neno kwa neno: "Ukija, usizungumze na mama yako jikoni habari za ugonjwa wangu. Sauti imeondoka, masikio yamebaki. Nikae mezani, niambiwe." Nilipokwenda tena nilikaa mbele yake, nikamwambia alichosema daktari, kwamba uvimbe umerudi na safari hii hawataukata. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachapa: "Asante. Huyo mdogo wako nitamwambia mwenyewe."

Alimwambia. Mdogo wangu aliomba ruhusa kazini, akaja. Nilimpokea Tororo, na njiani nilianza kumwandaa kuhusu lile tundu la shingoni, na jinsi mzee alivyokonda. Akanikatiza kwa upole.

"Ninajua, Dada. Kila kitu ameniandikia."

Walikaa pamoja mpaka mvua zilipoanza. Mchana walikuwa uani, laptopu katikati yao, mmoja akisema na mwingine akichapa. Baba alifariki asubuhi, kitandani kwake, mwanawe akiwa amemshika mkono.

Tulipomaliza mazishi nilirudi Busia, nikampigia fundi afunge lile sanduku.

"Pole sana, madam," akasema. "Kabla sijafunga, nikuwekee nakala? Bila nenosiri lake pia naweza."

"Hapana," nikamwambia. "Zile barua ni za watu wawili, yeye na mwanawe, na mmoja bado anazo."

Akafunga. Jioni Mama alinipigia kuuliza kama nitakwenda Paya Jumapili. Nikamwambia nakwenda, na kwamba nitalala huko.