Gemu Iliyomwita Kabula

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya yametokea kwetu Buswelu, ndani ya nyumba ninayoishi, na aliyepatwa nayo ni mdogo wangu wa tumbo moja. Nawezaje kumzushia?

Nina kazi ya kujitolea ambayo majirani hawaielewi. Kuna maktaba ya mtandaoni inayohifadhi gemu za kusoma. Unazijua? Picha imetulia, maneno yanapita chini yake, na kila baada ya muda unaulizwa ufanye hivi au vile. Jibu lako ndilo linaloamua hadithi iishie wapi. Gemu zinaingia humo ovyo ovyo, sisi tunaojitolea tunazisoma na kuziweka kwenye makundi: mapenzi, upelelezi, za kutisha, za watoto. Halafu tunaandika kama gemu ina mwisho mmoja au miisho mingi, na hapo hakuna njia ya mkato, lazima upite kila njia. Za Kiswahili ni chache, zote zinaniangukia mimi.

Kabula, mdogo wangu, alikuwa ananitania kwamba nimepata kazi ya kutongozwa na katuni. Nami kumkomoa, kila gemu ikiuliza jina la msomaji nilikuwa naandika lake, kisha namwita aje aone kijana wa kuchorwa anavyomlilia. Tulicheka sana. Niamini, ulikuwa utani tu.

Siku moja nikafungua gemu isiyo na jina la mtengenezaji. Picha ilikuwa moja: mwanamke mtu mzima amesimama kwenye matete, ziwa liko mbele yake, ametupa mgongo, kajifunga kitenge cha kijani. Ikauliza jina. Nikaandika Kabula. Chini yakatokea maneno, "We Kabula," na majibu mawili ya kuchagua: Abee, au Kaa kimya.

Nikaanza na kukaa kimya. Gemu ikaisha palepale. Sasa ningeandikaje kwamba mwisho ni mmoja wakati njia ya pili sijaipita? Bibi yetu alitufundisha kwamba ukiitwa na usiyemwona, usiitike haraka. Lakini ile ilikuwa kompyuta, na nani aliwahi kukufundisha kuiogopa kompyuta? Nikabonyeza Abee.

"Abee," Kabula akaitika kutoka jikoni.

Sikuwa nimetamka kitu, na spika za kompyuta yangu zilishakufa zamani. Nikamsikia anaweka mwiko chini, anatoka. Nilipofika uani jua lilikuwa linazama, naye amesimama getini mbele ya mwanamke aliyetupa mgongo. Kitenge cha kijani, kimelowa chote kuanzia magotini kushuka chini. Mvua haikuwa imenyesha, na kutoka kwetu mpaka ziwani ni mbali.

"Shikamoo mama," Kabula alikuwa anasema. "Shikamoo."

Yule mwanamke hakuitikia marahaba. Wewe umewahi kuona mtu mzima anaamkiwa na mtoto wa mwenzake, ananyamaza? Nikamuuliza anamtaka nani. Akajibu bila kugeuka, kwa sauti ya upole kabisa, "Nimeita wengi, baba. Huyu ndiye kaitika." Kisha akaondoka taratibu kuelekea barabarani, nami nimemshika Kabula mkono mpaka akalalamika kwamba namuumiza.

Niliporudi kuifungua ile gemu, haikuuliza jina tena. Ilianza moja kwa moja kumwita Kabula.

Nikaiweka haraka kwenye kundi la gemu ambazo hazijakamilika, maana huko watu hawaendi. Mwenzangu wa maktaba, aliyeko nchi nyingine, akaikagua, akaona inafunguka vizuri, akaihamishia kwenye za kutisha, miisho miwili. Nikairudisha. Naye akairudisha. Ikabidi nimwandikie ukweli wote na kumwomba aifute. Alinijibu kwa heshima kwamba anampa pole mdogo wangu, ila kundi linaeleza gemu ilivyo, halielezi yaliyompata msomaji, na maktaba ile haifuti kitu. Hajakosea, na hilo ndilo linaloniuma. Na wapenzi wa mambo ya kutisha wakiona kuna miisho miwili, unadhani wataacha kuujaribu wa pili?

Wakibonyeza, Kabula anaitika. Tupo mezani tunakula, anasema abee, anainuka. Yuko kazini Mirongo kwenye duka la vitambaa, anampimia mteja, anasema abee, anaacha mkasi kaunta na kutoka. Tajiri wake, mzee wa Kihindi mwenye moyo mzuri, alimrudisha nyumbani kwa gari lake tena na tena, mwisho akaniambia, "Kijana, muache apumzike kwanza." Kanisani wametuombea. Tumevuka ziwa hadi Nansio kwa mzee tuliyeelekezwa, akamtazama Kabula kwa muda, akasema hilo haliwezi, akakataa hata soda tuliyompelekea.

Mwanzoni alikuwa anaishia getini. Siku hizi anakwenda ziwani. Nikifunga geti analia kwa aibu, kama mtoto aliyekatazwa kumpokea mgeni mzigo.

"Kaka, ananiita mtu mzima," ananiambia. "Nisipokwenda atanionaje?"

Ndivyo mama alivyotulea wote wawili. Naogopa, na sina la kufanya zaidi ya kumfuata nyuma na kumtoa majini akishafika.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayenisikiliza. Ukikutana na gemu yenye mama aliyekupa mgongo kwenye matete, chagua kukaa kimya uifunge. Mwisho wa pili upo, nimeshakuambia, huna haja ya kuhakikisha. Juzi nilimkuta maji yamemfika kifuani, anaitika kwa adabu zote, na kuna watu wengi bado hawajaifungua.