Nilivyojifungia Ndani na Mzee wa Dawa ya Kahawa

Hii stori nimekuwa nikiikwepa, na hata sasa nikiwaambia nasikia masikio yakiwaka moto kwa aibu, lakini kwa vile huko Othaya tayari kuna watu wananiita Daktari wa Nailoni (na hilo jina mtalisikia tu), heri mlisikie kutoka kwangu.

Mnajua mimi niko upande wa dharura hospitalini, na kazi inayotutisha zaidi hapo ni kumpitishia mtu mpira wa kupumulia kooni. Zamani tulikuwa tunaifanya pamoja, nesi huyu ameshika shingo, yule anabonyeza mfuko wa hewa, daktari ameinama karibu ambusu mgonjwa. Corona ikaja ikatutawanya: daktari mmoja ndani, nguo ya nailoni toka kichwani mpaka miguuni, glavu juu ya glavu, mlango umetiwa komeo, na chuma chenye kamera ili uangalie koo kwenye skrini, usikaribie pumzi ya mtu. Corona ilipopungua, wenzangu walibaki na kamera, hayo mengine wakaacha. Mimi sikuacha kitu. Nilizika rafiki yangu ambaye tulikuwa naye zamu moja, corona ilimchukua, na tangu hapo pumzi ya mgonjwa naiogopa kuliko nyoka, semeni mnavyotaka.

Basi asubuhi moja ya baridi wakaleta mzee, mkulima, alikuwa anapulizia kahawa dawa ya wadudu, upepo ukageuka ukamrudishia yote usoni. Povu mdomoni, mwili umelegea. Tulikuwa tumeshamdunga dawa ya kupambana na hiyo sumu lakini pumzi ilikuwa inaisha, ikabidi awekwe mpira. Nesi wangu, Sista Muthoni, akasema, "Daktari, huyu ni dawa ya kahawa tu, wacha nibaki nikushikie." Nikamjibu kwa sauti ya kibosi, ati sheria ni sheria, tokeni wote. Nikavaa nailoni yangu, nikatia komeo.

Kumbe wale wa kwenye benchi huko nje wameniona kwa kile kioo cha mlangoni, na mtu mmoja akasema imerudi. Hakusema nini. Benchi yote ikaondoka, wenye vikohozi, mwenye mguu umevunjika (huyo sijui alitembeaje), na Sista Muthoni akawafuata mpaka geti akiwabembeleza warudi. Mimi sikujua. Nilikuwa nimeshampa mzee dawa ya kulegeza misuli, ile ambayo ukishaidunga mtu hapumui tena mwenyewe, unampumulia wewe.

Nikaingiza chuma, nikaangalia skrini, nyeupe. Povu limefunika kamera. Nikatoa, nikapangusa, nikarudisha, nyeupe tena. Mashine ya kuvuta mate iko upande ule mwingine wa kitanda, zamani nesi ndiye alikuwa ananipa. Plastiki ya usoni ikashika ukungu. Nikajaribu mfuko wa hewa, glavu zikateleza, hewa yote ikatokea pembeni. Na ile mashine ya kupima oksijeni hulia kwa sauti inayoshuka kadiri mtu anavyoishiwa, na ilikuwa inashuka, inashuka, na mimi ndiye nilikuwa nimemzima pumzi. Nikakimbilia komeo, glavu zikateleza.

Nikagonga kioo. Korido tupu, amebaki mke wa mzee peke yake, na gambuti zake za shamba. Nikapiga kelele aite nesi, barakoa ikameza maneno. Ikabidi nivue yote usoni ndipo akasoma mdomo wangu, akakimbia. Nikang'oa glavu kwa meno, nikafungua komeo. Sista Muthoni akaingia anahema, akavuta lile povu, akabonyeza mfuko huku mimi nimeushikilia usoni kwa mzee, sauti ikaacha kushuka. Nikachukua chuma cha zamani kisicho na kamera, nikainama mpaka shavu langu likakaribia mdomo wake. Mara ya kwanza mpira ukaenda tumboni. Tukampumulia tena. Mara ya pili ukaingia pale pake, na mimi nikakaa chini sakafuni kama mtoto.

Baadaye yule mama akanifuata.

"Daktari, hiyo kitu ni corona?"

"Hapana mama, ni dawa ya kahawa. Na ataamka."

"Wote walikimbia. Mimi nikasema kama ni corona, si tumelala kitanda moja, nitakimbia niende wapi?" Akaniangalia ile nailoni iliyoning'inia kiunoni. "Sasa wewe ulikuwa unaogopa mzee yangu?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mama. Nilikuwa naogopa." Akatikisa kichwa polepole, akaniuliza kama anaweza kuingia amshike mkono, akaingia.

Kamera bado naitumia, ni kitu kizuri, na barakoa navaa. Lakini kumzima mtu pumzi nikiwa peke yangu chumbani, hiyo sirudii maishani. Nikiogopa, nitaogopa na wenzangu wakiwa kando yangu.